Maoni ya Mzee wa Baraza

Kwenye karatasi ya posho naitwa "mzee",
mimi niliyezaa watano na kuzika mmoja.
Sikatai. Kiti ni kiti,
na hiki kina mguu mfupi,
nimekitilia kipande cha boksi la sabuni.

Shauri: kiwanja, Pongwe, hatua arobaini kwa ishirini na tano.
Mdai Mwanakombo, muuza mihogo ya nazi.
Mdaiwa Semboja,
aliyeuza udongo ule ule kwa watu watatu
kama anayekodisha baiskeli.

Wakili wake alisimama, suti rangi ya maji ya kunde:
"Mheshimiwa, hapa hakuna la kuwauliza wazee.
Mkataba upo. Sahihi ipo. Mnunuzi alikuwa na macho.
Hili ni la sheria tupu, limalize peke yako."
Nikatazama feni. Feni ikatazama pembeni.

Mwenyekiti akapekua, akapekua.
Sheria naijua, akasema,
lakini kama mtu alijua anachouza si chake,
siku ile, saa ile, akilowesha kidole kuhesabu noti,
hilo halimo kitabuni. Hilo ni la kuwauliza.

Basi likatufikia.

Miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa mizani,
katani ikipanda, katani ikishuka.
Nalijua furushi lililolowekwa usiku
ili lizidi kilo asubuhi:
halisemi, ila linatona.

Hati ya Semboja ni ya mwaka tisini na nane,
muhuri wake ni wa mtaa uliozaliwa juzi.
"Kosa la uchapaji," alisema wakili.
Na mikonge ya mpakani,
anayoapa ilipandwa na babu yake,
hainifiki kiunoni.

Mwenzangu, mwalimu Mntambo, ameandika: Alikosea.
Mistari mitatu, mwandiko wa ubaoni,
kisha huyo, akaenda kuswali.
Mimi kalamu imekwama.
Mtu hukosea njia mara moja.
Mara tatu, na kila mara na risiti,
na kila risiti na tarehe yake,
huyo haendi, anarudi.

Naandika: Alijua.

Mwenyekiti aweza kutuacha sote wawili,
mradi aseme kwa nini. Na aseme.

Nje, kwenye benchi, Mwanakombo ameketi
na ndoo yake imefunikwa kanga.
Harufu ya nazi yapita chini ya mlango.
Sijala tangu alfajiri, na mia tano ninayo.
Leo siwezi kununua kwake.