Firigisi

Ijumaa ile, Nkuhungu, moshi wa kuku machoni,
nilikuwa mgeni wa wiki mbili, kadi zangu mfukoni
zimechapwa vizuri: Mchimba Visima, simu, nembo ya tone la maji.
Hakuna aliyeziulizia.
Waliuliza kama nakula mlenda,
na kwa nini mtu wa Tanga anaogopa upepo wa Julai.

Ndahani wa stoo ya vipuri akachokoa sinia:
firigisi moja, watu watano.
Akaisukuma upande wangu.
"Mgeni, anza. Ila hilo ni deni."

Miaka tisa. Kadi zikaliwa na mchwa.
Ijumaa zikaendelea: drafti, kelele,
matanga ya mama yake Chiwanga,
bili tulizogombea kulipa, na zile tulizozikwepa.

Juzi pampu imenifia Chamwino, saa nane usiku,
ndoo za kijiji zimeshapanga foleni.
Nikapiga simu. Alichouliza ni saizi tu.
Alfajiri pikipiki ikatokea, vumbi hadi kwenye nyusi,
kipuri kimeviringishwa kanga ya mkewe.

"Ankara ulete Jumatatu," nikamwambia.
"Ankara nitaleta," akasema.
"Firigisi je?"