Swali Lisilokuwemo

Nilipewa fulana, begi, kishikwambi chenye chaji nusu,
na eneo langu: Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
toka kwa fundi viatu hadi ukuta wa skuli.
Maswali tele. Umri, choo, sakafu, kuku wangapi.
Kabila halimo. Mkufunzi alitukanya mara tatu:
usiulize, usiandike, ukiambiwa nyamaza.

Bi Mwanakheri Mgaza
alishatandika mkeka kabla sijabisha hodi.
"Tumelala sita," akasema, "na andika na hili:
sisi Wadigo wa Chongoleani, wenyewe,
si wa kuja na mabegi."
Nikamwambia hakuna pa kuandikia.
"Basi andika pembeni."
Kina pembe nne, Bibi, ila hakina pembeni.
Akanitazama kama ninayemuuzia samaki wa juzi.
"Serikali inamtaka kuku wangu
na nyanya yangu haimtaki?"

Mlango wa pili, Ghulam Dadkarim,
mikono grisi hadi viwikoni, pampu imefumuliwa uani.
Anagombana na mkewe kwa Kidigo,
anapatana naye kwa Kiswahili.
Kibaluchi, anasema, kimembakia matusi matatu,
na maana ya moja ameshaisahau.

Kwa Sakina Taibali nilipanda ngazi.
Vyumba? Tisa.
Waliolala usiku wa kuamkia leo?
Alihesabu kwanza viti.
Kisha akasema, "Mmoja,"
akanifungia achari ya embe kwenye gazeti,
nyingi, ya kulisha nyumba.

Nyumba ya wapangaji ilinila mchana kutwa.
Msambaa na matenga ya kabichi,
mwalimu wa kike kutoka Muheza,
Mchaga aliyeniambia nijaze haraka, duka liko wazi,
vijana wawili Waha wanaochangia godoro kwa zamu,
na chumba cha nyuma, karibu na choo, mzee Nampoto,
chale za Kimakonde zimezama kwenye mikunjo ya uso
hata hujui ipi ya wembe, ipi ya miaka.
"Nilikuja kukata mkonge ndevu hazijaota.
Msimamizi hakuuliza kabila wala jina.
Mia nne na kumi na mbili, ndiye mimi."
Akagusa kifua, pale kibati kilipokuwa kikining'inia.
"Na wewe leo umekuja kunihesabu.
Haya. Lakini umeanza na jina."
Nikamwomba alirudie, nisije nikakosea herufi.
Sikuwa nimekosea. Nilitaka alitaje tena.

Jioni, kibaraza cha mwisho, kitoto Tunu
kilinijibu kabla ya mama yake, kwa vidole:
"Nusu Mpare, robo Mshihiri, robo Mzigua,
na kidogo kingine hakisemwi."
Mama akamfinya. Mtoto akalia.
Mimi nikainamia kioo, nikajifanya natafuta swali la paa.

Na sisi kwetu tunacho hicho kidogo.
Bibi mzaa mama, ukimuuliza kwao wapi,
alielekeza kidevu upande wa bara, huko,
kisha akaendelea kuchambua mchele.
Alikufa hajaongeza neno.
Jina la ukoo alilozikwa nalo
lilikuwa la wenye nyumba aliyofikishwa akiwa mdogo,
na wenye nyumba walikuja mazikoni,
wakakaa mbele.

Jumla: watu mia tatu na tisa.
Nikabonyeza tuma. Mtandao ukagoma.
Nikarudi nyuma, mkono juu, natafuta mtandao
kama ninayeomba mvua,
nikapita tena mbele ya mkeka wa Bi Mwanakheri.

"Umeniandika pembeni?"
Nimekuandika, Bibi.
"Mwongo! Wabondei nyie nawajua,
mdomo asali, kalamu haina wino."

Sikumsahihisha.
Robo tatu alipatia.
Nikakaa ukingoni mwa mkeka wake, nikavua viatu,
na mshale wa kutuma bado unazunguka,
unazunguka.