Hafubeki wa Mtaa wa Kongo

Babu Feruzi hakufunga goli hata moja.
Miaka kumi na mitatu, hafubeki wa kushoto,
kwanza timu ya makuli wa bandarini,
kisha Reli, waliomchukua kwa kazi ya kupaka grisi
na baiskeli isiyo na kengele.

Enzi hizo buti ni za wenye mshahara.
Yeye alikaza kifundo kwa kipande cha kanga ya mkewe.
"Uvunjike usivunjike," alisema Bi Mwanaidi,
"kanga yangu irudi."

Kazi yake kukaa pale kati,
mpira ukitoka kwao usifike kwetu.
Kizingiti: kila mtu anakivuka,
nani anakisifu?

Gazetini aliandikwa mara moja,
mstari mmoja, jina limekosewa, Feruzi kawa Fundi,
na bao la fainali likaitwa kosa lake.
Mvua ilikuwa imeshinda Ilala siku hiyo,
mpira ukamponyoka chini ya wayo kama sabuni.
Nilimuuliza: lilikuwa kosa lako kweli?
Akasema, mpira nilikuwa nao mimi.
Basi.

Goti lilipokufa, Reli wakamwachia baiskeli.
Kengele alishanunua mwenyewe.
Akawa mchana tiketi getini kila Jumamosi,
mgongo kaupa uwanja,
akijua kwa kelele tu
nani kapoteza, nani kachelewa kurudi nyuma.

Tulipomwosha, kabla ya Kisutu,
kifundo cha kushoto
bado kilikuwa na alama ya lile fundo.