Kengele ya Ngumbao

Duka la Lali, pale Barani, upana wake ni mlango mmoja,
kijana ndani, na kaunta ya kioo
iliyopasuka pembeni ikazibwa kwa plasta.
Makava ya simu, chaja, miwani ya jua,
na chini kabisa, baina ya nyembe na betri,
tyuna tatu za gitaa zimelala kama kaa waliokauka,
koleo juu.

"Hii nyekundu mia sita, mama. Hii elfu moja na mia mbili.
Na hii, wacha nikwambie ukweli, hii ndiyo yenyewe."
Elfu mbili na nusu: ndiyo bei ya ukweli.

Mimi Umazi, mwaka wa thelathini huu nashika nyuzi,
wala sijapata kuulizia sauti dukani.
Lakini sikio la kulia limeanza mgomo.
Jumamosi, arusi ya Muyeye, jenereta iko kisogoni pangu,
nikaukaza uzi wa tatu, nikaukaza, nikaukaza,
mpaka bibi arusi mwenyewe akageuza shingo.
Ndipo nikainama, nikauma kichwa cha gitaa,
nisikie kwa taya kilichokataa kuingia sikioni.
Watoto walicheka. Nami ningecheka.

"Ndivyo nayo isikiavyo," Lali akasema.
"Haina haja na hewa. Watu na wapige kelele,
yeye huubana mti, akausikiliza mti."
Basi ina meno, nikamjibu. Tutaelewana.

Nikazigeuza moja moja kama anunuaye samaki.
Nyekundu: mpira wa koleo mgumu, utakwangua rangi.
Ya pili nikaitoa nje juani, kioo kikawa cheupe pe,
sindano imezama. Nani atanishikia mwavuli
nikipiga saa nane uwanjani?
Ya tatu nikaibana kidoleni. Ikashika bila kuuma,
kama mkono wa mtoto unapovuka naye barabara.

Kisha nikaitoa mkobani kengele.

Baiskeli tuliiuza, tulipe deni la hospitali.
Kengele niliifungua usiku kwa bisibisi; mnunuzi hakuuliza.
Miaka yote ile, Ngumbao akija kutoka Ganda,
aliipiga mara moja kwenye kona ya kinu,
nami ndani nikaukaza uzi wa tano juu ya mlio ule,
na alipofika mlangoni
tulikuwa tumekwisha kuwa sawa.

"Bana hapa," nikamwambia Lali. Akabana ukingo;
kengele ikakohoa tu.
"Siyo mdomoni. Mguuni."
Akabana mguu wa chuma. Nikapiga.

Duka zima kimya: mimi, Lali,
na bwana mmoja aliyekuja kununua kava.
Kioo kikaandika A, sindano ikaelemea kushoto,
ikakataa katakata kusimama katikati.
"Iko chini," Lali akasema kwa huruma. "Kengele yako haiko sawa."

Haiko sawa na nani, mwanangu?

Akafikiri. Nilimpenda kwa kufikiri kule.
Akaigeuza nyekundu: haina kitufe. Ya pili: haina.
Ya tatu inacho, mgongoni, kidogo kama punje ya mtama;
ukikibonyeza, mia nne na arubaini inashuka ngazi,
thelathini na tisa, na nane, na saba,
mimi napiga kengele, yeye anabonyeza,
bwana wa kava anahesabu kwa sauti,
mpaka mia nne thelathini na nne
taa ikawaka kijani.

Kumbe miaka ishirini tulikuwa chini ya dunia
kwa upana wa unywele, au nywele mbili,
na hakuna arusi iliyodai pesa zake.

Nililipa elfu mbili na mia mbili, kwa simu,
baada ya kuapa kwa Mungu na kwa nauli.
Lali akataka kuirudisha arubaini,
"kama ilivyotoka kiwandani."
Nikamshika mkono.

Iache hapohapo.
Hapo ndipo kona ya kinu ilipo.