Chumba Namba Tisa

Nilikuja Mbeya kulala usiku mmoja.
Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari la wageni:
jina, umri, kazi, utokako.
Tusajigwe wa mapokezi akasoma kwa sauti
kama anayesahihisha: "Mwalimu mstaafu. Itumba.
Uendako hujajaza, mama."
Nikamwambia nimekuja kufuatilia mafao.
Akaandika: *Mafao*. Kana kwamba ni kijiji
kilichoko mbele kidogo, ukishapita Tunduma.

Elfu kumi na mbili. Maji ya moto ndoo moja,
ndala mbili, zote za mguu wa kushoto,
kipande cha sabuni chembamba kama kadi ya kliniki.
Dirisha linatazama bati la duka la spea
na, ukungu ukikubali, Loleza kidogo,
kipande tu, kama bega la mtu aliyekupa kisogo.
Julai ya huku haina adabu,
inapita chini ya mlango bila hodi.

Hodi walipiga wengine.
Mlango wangu ulikuwa tisa,
ila msumari wa juu uling'oka zamani,
tisa ikapinduka, ikaning'inia sita.
Sita yenyewe iko ng'ambo ya korido,
kwa Ambakisye mnunuzi wa parachichi,
mwenye simu nne na madeni ya kila rangi.

Saa tatu usiku: ngo, ngo. "Bosi, sampuli hizi."
Saa nne: "Kaka Amba, ile hela."
Saa tano, sauti ya mwanamke, ya chini:
"Fungua. Ugali unapoa."
Nikapaza sauti kutoka ndani ya blanketi,
sauti ile ya darasa la nne B:
"Hii ni tisa! Soma vizuri!"
Kimya. Kisha, kwa upole:
"Mama, imeandikwa sita."

Ofisini wakaniambia faili liko Dodoma, njoo Jumatano.
Jumatano faili limerudi, lakini jina limekorofishana:
huku Atuganile, kule Atuganire.
"Wewe ni yupi?" kijana akauliza, hakutania.
Miaka thelathini na minne nimewafundisha watoto wa watu
l na r, l na r, ubao mzima,
na sasa herufi moja imekalia uzee wangu.

Nikalipa usiku wa pili. Wa nne. Wa sita.
Tusajigwe hakuleta tena daftari,
alichora vijiti tu, kama mtu anayehesabu magunia.

Nami nikaanza kufungua.
Sampuli nilipokea, nikazibonyeza, nikasema hizi bado.
Mdai nilimwambia arudi asubuhi akiwa amekula.
Yule wa ugali, Subilaga, aliketi kwenye kiti pekee,
akanipa habari za Ambakisye
ambazo Ambakisye mwenyewe hazijui.
"Na wewe," akauliza, "unamsubiri nani hapa?"
"Herufi," nikasema.
Tulicheka mpaka wa chumba cha nane akagonga ukuta.

Usiku wa saba nilirudi na barua yenye muhuri,
l yangu imekaa mahali pake.
Nikakuta mlangoni misumari miwili mipya, inang'aa,
tisa imesimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa jina.
"Samahani, mama," Tusajigwe akasema, "walikusumbua sana."
Nikamshukuru. Ningesema nini?

Nilioga maji yakiwa bado ya moto.
Nililala mapema. Nilisikia hatu zikipita,
ngo, ngo, ng'ambo ile, komeo likafunguliwa,
kicheko cha Subilaga kikaingia kwa mwenyewe.
Blanketi lilikuwa lilelile. Baridi ilikuwa nyingine.

Basi la Itumba huondoka alfajiri.
Chai niliinywa nimesimama,
nikarudi juu mara moja, nimesahau kitambaa.
Korido yote imelala.

Kijiko chao cha chai bado ninacho.
Mpini umepinda kidogo.
Nitakirudisha siku nikipita tena.