Mtungi Kwenye Foleni

Ujumbe ulikuja Jumanne, baada ya alasiri,
nimeshika upande wa leso, mama ameshika wa pili,
tukinyoosha kabla ya kukata.
Uko kwenye orodha ya kungojea. Nambari kumi na moja.
Chuo cha Nairobi, usanifu majengo,
chuo nilichokichora hata ngazi zake
bila kuzipanda.

Ule mwingine ulikuwa umekuja zamani, sikuuhesabu:
Tudor, uhandisi wa ujenzi, nafasi ipo,
karo nusu ya ile, na chini ya nusu ukilala kwenu.
Mwisho wa kulipa Ijumaa. Elfu kumi na nane,
na zikishaingia hazirudi.

Mama hupinda leso. Doti moja shilingi hamsini.
Sikutaka kugawanya, kichwa kikagawanya chenyewe:
doti mia tatu na sitini.
Nikaziona zimepangwa mpaka darini,
na mgongo wake chini yake.

Majengo nzima ikaja na methali.
Ami Shaali: subira huvuta heri.
Bi Mwanamkuu wa chumba cha pili: ngoja ngoja huumiza matumbo.
Methali zetu kama maduka ya Barabara ya Biashara,
yatazamana, hili lauza kinyume cha lile,
na yote mawili yakwita, karibu mwanangu, ingia.

Nyevu, tuliyekaa dawati moja, akasema:
Watu kumi tu, Barke. Kumi wataka nini kughairi?
Basi nikaanza kuwaombea nisiowajua
wapate ufadhili Uturuki, waolewe, wachoke na kuchora.
Wa saba nilimpa jina.
Nikamchukia kidogo.
Astaghfirullah.

Jumatano usiku wakasema maji yatafunguliwa.
Tukashuka na mtungi wetu, ule wa kamba nyekundu shingoni,
tukauweka nyuma ya mingine, ya manjano, ukutani,
sikumbuki wa ngapi. Thelathini na kitu.
Mama akajipangusa mikono.
Hiyo orodha yako, akauliza, mtu husimama pale?
La, jina tu ndilo linalokaa.
Alaa. Kama mtungi.

Akageuka kwenda zake nyumbani, akisema njiani,
si kwangu hasa, kwa giza la kichochoro:
Mtungi ukishaupanga, hukai juu yake.
Wenda zako, wapika, wapinda leso zako.
Maji yakija utaitwa.
Yasipokuja, hukulala na njaa.

Na hizo elfu kumi na nane, nikiitwa Nairobi?
Hakujibu. Mpaka tumefika, amewasha taa,
uzi umemkatika, ameulamba, ameutia tundu upya.
Zitapotea, akasema.
Zimewahi kupotea nyingine, na wewe ukala.

Ningependa kusema nililipa asubuhi, kwa moyo mweupe.
Nililipa Ijumaa saa tano na dakika hamsini na tatu usiku,
kidole juu ya namba ya siri,
nikingoja mtu wa kumi aghairi kabla sijabonyeza.
Hakughairi.
Simu ikalia ting, ndogo, kama sindano iangukayo saruji.
Mama hakuinua macho. Mguu wake ulisita tu
juu ya cherehani, kisha ukaendelea.

Jumatatu nikaenda Tudor kwa miguu, si mbali,
hilo ndilo lililoniudhi, kwamba si mbali.
Ofisi ya usajili iko juu. Ngazi ni za saruji,
kumi na nne, ya tatu imemeguka pembe,
na mtu amepaka rangi nyeupe pale ilipomeguka
ili wenzake wasijikwae.
Nikazipanda. Nikashuka. Nikakaa ya mwisho,
nikatoa penseli, nikazichora
kama zilivyo, na ile pembe.

Simu ilikuwa mfukoni.
Nambari tisa sasa.
Mtungi sijautoa.