Namba Moja Zaidi

Mwezi wa tisa bahasha ilitufikia kutoka Moldova,
nene kama mkate, imefungwa kwa uzi wa sufu.
Ndani mlikuwa na nyayo thelathini na moja
zilizochorwa kwa penseli kwenye karatasi za hesabu,
za kushoto tu, maana karatasi zilikuwa haba.

Eluned akazitandaza sakafuni, ukumbi wa kanisa,
na mara ukumbi ukajaa watoto waliosimama wima
wasioonekana kuanzia kifundo kwenda juu.
Tukawa tunapita pembeni, tusije tukawakanyaga.
Ilinca, miaka kumi. Sandu, miaka sita.
Doina, na chini yake mwandiko wa mlezi:
"Huyu hatulii. Kipimo si cha kuaminiwa."

Mimi ni mhazini, mtu wa risiti na kalamu nyekundu.
Naweza kukuambia kila pauni ilikotoka:
keki za zabibu kavu, mnada wa sufu,
kondoo jike wa Emrys, tasa, aliyeuzwa kwa huzuni,
na noti moja iliyosukumwa chini ya mlango
na Ifor, ambaye tangu amzike mkewe
hupita kanisani upande wa pili wa barabara.
Tukanunua viatu. Tukapiga picha na masanduku,
tukitabasamu kama sisi ndio tuliopewa.

Forodha wakasema pamekosekana muhuri.
Mwezi wa kumi, wa kumi na moja. Barua zangu kumi na mbili.
Mchungaji akahubiri juu ya subira, mara mbili,
mahubiri yale yale; mvua ya Welisi ikamjibu juu ya paa.
Huko kwao theluji ilishuka bila kuomba kibali.

Aprili likaja jibu, mwandiko wa Ilinca:
"Viatu ni vizuri, bado vinanukia duka.
Vyangu anavaa Doina. Vya Doina anavaa Sandu.
Vya Sandu tumeviweka dirishani
hadi aje mtoto ambaye vitamtosha.
Sisi wakubwa wanne hatuna, lakini msijali,
theluji imeyeyuka."

Eluned akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.
Wahenga walisema aliyevaa kiatu ndiye ajuaye kinapobana;
hawakusema neno juu ya aliyekinunua.
Wazee wa kanisa wakabishana: tumeshindwa, hatukushindwa,
Bwana hutazama moyo.
"Moyo hauna vidole," akasema Eluned toka jikoni.
"Tulipima mguu. Hatukupima njia."

Tangu hapo, kila bahasha ikija,
huchukua penseli, hupiga magoti, goti bovu likilia,
na kuuzungushia kila unyayo mstari wa pili
nje ya ule wa kwanza, upana wa kidole.
Kati ya mistari hiyo miwili
ndimo ninamoandika hesabu zangu siku hizi:
posta, forodha, kipupwe,
na mtoto, ambaye hukua hata usiku tukiwa tumelala.

Miaka saba. Mwezi uliopita ilikuja karatasi moja tu,
pana, ya kufungia mikate,
kwa kuwa Ilinca sasa yuko kwa mwokaji, mjini Kishinau.
Safari hii miguu yote miwili, kulia na kushoto,
unga umebaki kwenye mikunjo.
"Msininunulie kitu. Nilitaka tu mwone niliposimama."

Nikamsomea Eluned; macho yake siku hizi ni ya kuazima.
Akaufuata mchoro kwa kidole, taratibu,
kisigino, ukingo, dole gumba,
akarudi kisigino.
Kisha akaniuliza, mkono ukipapasa penseli mezani:
"Namba ngapi, huyu?"